Kiti Namba Kumi na Nne

Haya, jisogezeni, nchi yenyewe ni ndogo, haitachukua nafasi. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu siku zile lilikuwa limepelekwa kutengenezwa. Wakubwa walisema la zamani halivutii wageni. Ilikuwa na rais mmoja, bendera moja, mawaziri arubaini na watatu, na bahari.

Bahari ilikuwa upande wa mashariki wa mji mkuu, pale pale ilipoachwa tangu mwanzo, na watu wake walikuwa wakienda kutembea kwa majira yao. Upepo ukianza kuvuma vizuri, vijana wanarusha vishada. Skuli zikifungwa, watoto wanapelekwa kuoga wakarudi na mchanga masikioni. Na mwezi wa Shaaban ukikaribia kwisha, akina mama wanabeba masufuria yao mpaka Pwani ya Mitondoo, wanapika huko huko, wanakula, wanaoga na nguo zao, wanacheka mpaka mbavu zinauma, maana siku mbili tatu mbele Ramadhani inaingia na mchana hakuna kutia kitu mdomoni. Ndiyo hiyo wanayoiita vunja jungu. Hapakuwa na tangazo. Mtu alisema "Alhamisi," na watu wakaja Alhamisi.

Sasa siku moja Rais alipita pwani kwa gari, akaona watu wamejinyoosha chini ya miti.

"Hawa wamekufa?" akauliza.

"La, Mheshimiwa. Wanapumzika."

"Kwa amri ya nani?"

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Mapumziko na Utulivu Endelevu, ikajengewa jumba la ghorofa saba linaloitazama bahari, na madirisha yake yakazibwa kwa majalada. Waziri wake, Mheshimiwa Kishindo, alikuwa mtu asiyepumzika hata akilala. Wanasema usingizini alikuwa akifungua mikutano. Chini yake vishada vilipewa namba za usajili, na kishada kilichokatika uzi kilihesabiwa kuwa kimetoroka nchi. Watoto waliruhusiwa kuoga baharini kwa mstari. Nyimbo za pikiniki zilipunguzwa zikabaki mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa inamsifu Waziri.

Katika mji huo alikuwepo Bi Ruzuna binti Khatibu, mwenyekiti wa chama cha akina mama kiitwacho Tuliza Roho. Chama kilikuwa na jina hilo, lakini yeye mwenyewe hakujaliwa kukaa. Alikula amesimama. Alipokwenda kwenye msiba, wafiwa walimuomba awaonee huruma aketi. Alikuwa na miaka sitini na minane na mkono wake ulikuwa bado unatafuta kitu cha kufuta vumbi.

Alikuwa anaishi na dada yake mkubwa, Bi Shemsa. Kiharusi kilimpata Bi Shemsa miaka sita nyuma, kikachukua miguu na mkono wa kushoto, kikaacha ulimi mzima. Tangu hapo alikuwa kitandani, karibu na dirisha, akiwategea vitendawili wapita njia. Aliyeshindwa alitakiwa atoe mji, kama ilivyo desturi, na kwa hesabu yake Bi Shemsa alikuwa keshamiliki nusu ya nchi.

Mwezi wa Rajab daktari alikuja akamsikiliza moyo, kisha akamwita Bi Ruzuna ukumbini, wakazungumza kwa sauti ya chini. Bi Ruzuna aliporudi chumbani akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Amesemaje?" Bi Shemsa akauliza.

"Amesema ule mboga."

"Muongo mkubwa wewe. Ruzuna, acha hilo shuka, nisikilize. Vunja jungu ya mwaka huu nipeleke. Nataka nikae kwenye mchanga na maji yafike hapa." Akajigusa goti kwa mkono wake mzima. "Hii hii ya mwaka huu. Nyingine sitaingoja."

Bi Ruzuna akalikunja shuka mara ya tatu. "Utakwenda, dada," akasema.

*

Tarehe ishirini na nne Shaaban alijifunga kibwebwe akaenda wizarani. Mlangoni palikuwa na bango: NI MARUFUKU KUPUMZIKA KATIKA JENGO HILI.

Ghorofa ya kwanza walimpa fomu ya kuombea fomu. Ya pili walimtaka picha, awe amecheka, meno yasiyopungua sita yaonekane. Ya tatu walimtaka Cheti cha Uchovu, kwa sababu serikali haiwezi kumpumzisha mtu ambaye hajachoka. Cheti kilikuwa kinatolewa ghorofa ya saba, na lifti ndiyo pekee katika jengo zima iliyokuwa likizo. Alipofika juu, mpimaji alimtazama anavyohema, akagonga mhuri bila ya kumuuliza neno.

Hapo ndipo akateremka mpaka ya nne, kwa Bwana Mbarouk, Afisa wa Furaha Daraja la Pili, kijana mwembamba aliyejaa wino vidoleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

"Furaha nyingi, bibi. Msimu huu maombi hayana mwisho. Haya, Tuliza Roho. Wanane hawa sawa. Huyu wa tisa, Shemsa binti Khatibu, miaka sabini na minne. Kwenye kazi umeandika 'amelala'."

"Ni dada yangu. Hawezi miguu, yuko kitandani mwaka wa sita huu."

Bwana Mbarouk akafungua daftari nene, akateremsha kidole, uso ukambadilika. "Bibi, kila raia ana mgao wa siku kumi na mbili za mapumziko kwa mwaka. Huyu amepumzika miaka sita mfululizo, usiku na mchana. Keshatumia mgao wake wa miaka mia moja na themanini na miwili na nusu." Akafikiri kidogo. "Hiyo nusu ninaweza kumsamehe."

"Mwanangu, yule hakupumzika. Yule anaumwa."

"Kitabu hakina safu ya kuumwa, bibi. Kina amesimama, amekaa, amelala."

Bi Ruzuna akasimama, akakaa, akasimama tena. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yeye anapumzikia wapi?"

Bwana Mbarouk akatazama wino wa vidole vyake. "Sijui, bibi. Sijapata ruhusa ya kwenda kwetu tangu wizara ifunguliwe."

Kisha yule kijana akainuka, akachungulia ukumbini, akarudi, akasema kama anayezungumza na meza: "Orodha ya watu imefungwa. Orodha ya vifaa bado iko wazi. Nina masufuria matatu, mikeka sita, birika, hivyo hivyo mpaka kumi na tatu. Nikiandika namba kumi na nne, kiti kimoja, nani atauliza?"

"Kiti?"

"Cha zamani. Kina mgongo?"

"Kinauma, lakini kipo," akasema Bi Ruzuna.

Ikaandikwa. Ikabaki kuchagua siku. Ya ishirini na tano mpaka ya ishirini na nane pwani ilikuwa imechukuliwa na wizara yenyewe, kwa semina ya namna ya kupumzika, na watu hawaruhusiwi kusogea wasije wakawasumbua wataalamu. Ilibaki ishirini na tisa tu. Na siku hiyo Waziri mwenyewe anafungua rasmi msimu, na anatafutiwa kikundi cha mfano kitakachopumzika mbele yake.

Bi Ruzuna akahesabu kwa vidole. Ishirini na tisa ndiyo siku ya kutazama mwezi. Ukionekana magharibi, kesho yake ni Ramadhani na mambo yamekwisha.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi Waziri anakata utepe, bahari inafunguliwa."

"Baba, mwisho wa mwezi ni bamvua. Maji yanatoka mbali. Saa tano mchana pale Mitondoo unatembea kwa miguu mpaka mwambani. Basi huyo Waziri asichelewe."

"Waziri hachelewi, bibi. Akifika yeye ndipo inapokuwa saa mbili."

"Na maji yameambiwa?"

Bwana Mbarouk akamsukumia karatasi polepole. "Ratiba imeshapigwa chapa," akasema.

Bi Shemsa alipoambiwa amekuwa kiti alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akanywa maji, akaanza upya. "Cha mninga au cha plastiki?" akauliza. "Wasije wakanipanga nyuma, mimi."

*

Siku nne zilizobaki Tuliza Roho walizimaliza kwenye ukumbi wa wizara, wakifanya mazoezi ya kupumzika mbele ya Mkuu wa Itifaki, bwana mmoja aliyezaliwa bara ya mbali na kuvaa soksi mbili mbili. Alikuwa na filimbi. Mlio wa kwanza, wote wanakaa. Mlio wa pili, wanashusha pumzi. Mlio wa tatu, wanatoa kicheko cha wastani kisichozidi sekunde tano.

Bi Ruzuna alikuwa anakaa, kisha kabla ya mlio wa pili anaonekana pembeni akinyoosha pazia la serikali.

"Bi Ruzuna!" Mkuu wa Itifaki akafoka. "Tulia haraka!"

"Msamehe, baba," akasema Bi Saumu, mcheshi wa kikundi. "Huyu hata tumboni mwa mamake alikuwa amesimama."

Wakacheka wote, sekunde kumi na moja. Mkuu wa Itifaki akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka. "Sikilizeni," akasema. "Siku yenyewe, atakayeinuka kwenye mkeka bila filimbi, kikundi kizima kinarudishwa mjini. Watu na vifaa vyao vyote."

Alipotaja vifaa, Bi Ruzuna akaketi. Akayashika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekamata kuku wawili sokoni.

*

Ikaja ishirini na tisa. Lori la wizara liliwashusha Mitondoo jua linachomoza. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kutoka mwamba wa kaskazini mpaka mwamba wa kusini, na walinzi wamesimama kila hatua ishirini kuzuia watu wasiione bahari kabla ya wakati. Maji yalikuwa hapo hapo, hatua tatu nyuma ya utepe, yanalamba mchanga. Mkuu wa Itifaki aliyakagua, akatia saini ya kuyapokea kutoka kwa mlinzi wa usiku: bahari moja, ya buluu, nzima.

Kisha akakagua vifaa. Kwenye namba kumi na nne akasita. Mbele yake palikuwa na kiti cha mikono, na juu yake bibi kizee aliyefungwa kanga mbili kiunoni asiteleze.

"Hiki ni kiti gani?"

"Ndicho chenyewe, mkuu," Bwana Mbarouk, aliyekuja kushika orodha, akasema haraka. "Ni cha siku zile. Vilikuwa vinatengenezwa hivyo."

Mkuu wa Itifaki hakuwa na muda wa kubishana na samani. Akambandika Bi Shemsa kibandiko kifuani, 14, akaamuru kiti kizuri kama kile kisikae nyuma, kipelekwe mbele kabisa karibu na utepe, akikalie mgeni rasmi. Walinzi wanne wakakinyanyua. Bi Shemsa akapita juu ya vichwa vya wenzake akipunga mkono.

Bi Ruzuna akamfuata mlinzi wa pale. "Mwanangu, nyanyua huo utepe kidogo tu. Miguu yake ndiyo inayotaka maji. Dakika mbili."

"Bahari haijafunguliwa, bibi."

"Lakini ipo!"

"Ipo. Ila haijafunguliwa."

Filimbi ikalia, ikambidi arudi mkekani. Kutoka pale aliiona migongo ya mawimbi na kisogo cha dada yake. Sufuria la pilau lilikuwa limeshapaliwa makaa, lakini hakuna aliyeruhusiwa kufunua kifuniko.

Saa mbili ikafika, Waziri hakufika, kwa hiyo haikuwa saa mbili. Maji yalikuwa hatua kumi. Bi Ruzuna akashika magoti. Saa tatu maji yalikuwa hatua mia. Mawe yenye mwani yakaanza kuonekana. Bi Ruzuna aliinua kisigino cha kulia akakirudisha, akainua cha kushoto akakirudisha. Bi Saumu akamwekea mkono begani, akaubonyeza chini kama anayefunga sanduku lililojaa.

"Yanakwenda, Saumu."

"Nayaona. Kaa."

"Na akizidiwa na jua pale?"

"Amejifunika kanga. Kaa, Ruzuna, utatuponza."

Saa tano bahari ilikuwa mstari mwembamba mbali kabisa, kama wino uliomwagika ukingoni mwa karatasi. Walinzi wakaendelea kuulinda utepe, na nyuma yao kaa walikuwa wakitoka mashimoni bila ya kibali.

Saa sita na robo magari kumi na saba yakafika kwa ving'ora na vumbi. Mheshimiwa Kishindo akateremka, mpana, suti nyeusi, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiti kizuri, akageuka ili akae, akasikia sauti nyuma yake.

"Hodi basi, baba."

Akaruka. "Kwa nini kiti changu kina mtu?"

"Mimi ndiye kiti," akasema Bi Shemsa, akamwonyesha kibandiko.

Mkuu wa Itifaki akapekua orodha, akathibitisha kuwa kweli, kiserikali, yule ni kiti. Waziri akaona ni bora asimame. Akapewa kipaza sauti, akasafisha koo.

"Ndugu wapumzikaji! Serikali yenu sikivu imechukua hatua za makusudi kuhakikisha kila mwananchi anatulia kwa kasi. Majirani zetu wanapumzika ovyo. Sisi tunapumzika kisayansi. Bahari hii ilikuwepo kabla ya uhuru, hatukatai. Lakini ilikuwepo tu! Haikuwa na mpango, haikuwa na dira, haikuwa na mlango. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, tunaifungua!"

Filimbi. Kicheko cha wastani. Waziri akapewa mkasi, akaugeukia utepe, akatazama mbele, akabaki hivyo na mkasi hewani.

"Iko wapi?"

Walinzi wakageuka kuitafuta.

"Nauliza, bahari iko wapi?"

"Mheshimiwa," Mkuu wa Itifaki akasema, na soksi zote nne zilikuwa zimelowa jasho, "asubuhi ilikuwepo. Tuliisaini kuipokea."

"Nani ameitoa?"

Kamati ya uchunguzi ikaundwa papo hapo, wajumbe saba. Wakavua viatu, wakaingia kwenye matope, wakapima, wakarudi wakatoa taarifa ya awali: dalili zinaonyesha maji yameondoka kwa hiari yao, yakielekea upande wa nje ya nchi. Mjumbe mmoja alipendekeza mpaka ufungwe. Mwingine alisema kuna mkono wa maadui. Waziri akatangaza kwamba hawezi kufungua kitu kisichokuwepo, na kwamba hakuna mtu atakayekula, kuinuka wala kuondoka mpaka aliyeitoa bahari apatikane. Akaanza hotuba ya pili, kuhusu uzalendo.

Hiyo ilichukua saa mbili unusu. Bi Ruzuna hakusikia neno. Alikuwa anatazama ule mstari wa mbali, na mstari ulikuwa umeanza kunenepa. Akatazama jua. Akahesabu: yanajaa saa kumi na moja, magharibi mwezi unatazamwa, na katikati ya hayo kuna muda mdogo tu, kama wa kuchemsha chai. Mradi wasifukuzwe. Akaikalia mikono yake.

Bi Shemsa ndiye aliyemkatiza Waziri.

"Kitendawili!"

Mheshimiwa Kishindo akasita. Alikuwa amezaliwa na watu, hata yeye, na neno lile lina jawabu lake ambalo mdomo hulitoa wenyewe. "Tega," akasema.

"Huondoka hana miguu, hurudi hana nauli, na ukimfungia mlango hapigi hodi."

Waziri akafikiri. "Mpinzani?"

"Siye."

Akawageukia wajumbe wa kamati. Wakanong'onezana. "Mheshimiwa anajibu kwamba ni mtumishi hewa," akasema mjumbe wa kwanza.

"Siye. Umeshindwa, baba. Nipe mji."

"Mji gani?"

"Wowote. Ndiyo desturi. Ukishindwa unatoa mji, mimi nakupa jawabu."

Wajumbe wakainama juu ya katiba. Mmoja akasema Waziri hana mamlaka ya kutoa mji bila Baraza. Mwingine akasema anaweza kutoa kijiji, kama hakina umeme. Wa tatu akauliza kama kisheria kiti kinaweza kumiliki ardhi. Wakabishana kwa vifungu, wakaandika rasimu, wakaifuta, na nyuma yao maji yalikuwa yanakuja. Yalipita mwambani. Yalifunika mwani na mashimo ya kaa. Bamvua likirudi halina mchezo, linakuja kwa upana wake wote, kimya kimya, na wale wanawake wanane kwenye mikeka waliliona tangu mbali na hakuna aliyepuliza filimbi wala kusema kitu.

Maji yakapita chini ya utepe.

Yalimfikia kwanza mjumbe aliyeshika katiba. Kisha yakaingia kwenye viatu vya Mheshimiwa Kishindo. Akatazama chini, akatoa sauti ambayo haikuwa kwenye ratiba, akamrukia mlinzi wa karibu mgongoni.

"Mheshimiwa!" Mkuu wa Itifaki akapiga kelele. "Imerudi! Ifungue kabla haijaingia zaidi, la sivyo imeingia bila idhini!"

Na pale pale juu ya mgongo wa mlinzi, mkasi mkononi, Waziri akatamka: "Kwa mamlaka niliyopewa, bahari hii imefunguliwa!" Utepe ulikuwa umeshakatika wenyewe, unaelea. Wimbi lililofuata lilichukua kipaza sauti. "Twendeni!" akaongeza. "Magari! Yatazama!"

"Vifaa kwanza!" Mkuu wa Itifaki akaamuru. "Mali ya serikali yote lorini! Hakuna kitu kubaki!"

Bi Ruzuna akainuka. Hakungoja filimbi. Alikimbia kwa miaka yake sitini na minane, akafika walinzi wawili wakiwa wameshainama, mmoja kushoto mmoja kulia, wanakinyanyua kiti. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanagusa vidole vya miguu ya dada yake, na miguu ikaenda juu, ikawa inaning'inia hewani inachuruzika.

"Mteremsheni!"

"Ni kifaa, bibi. Namba kumi na nne."

"Ni dada yangu!"

"Kwenye orodha ni kiti."

Bi Ruzuna akaushika mguu wa kiti kwa mikono miwili, akakaza. Walinzi wakavuta. Bi Shemsa alikuwa katikati anayumba. Aliitazama tu bahari ikipita chini ya nyayo zake, karibu. Akina Bi Saumu nao wakaja mbio, wakashika mahali palipobaki.

Bwana Mbarouk akafika na jalada kwapani, miguu ikirusha maji. "Kiteremsheni," akasema.

"Mkuu amesema hakuna kitu kubaki."

"Mimi ndiye niliyekiandika, mimi ndiye ninayekifuta." Akafungua jalada, akaweka karatasi juu ya mgongo wa mlinzi, akaandika kwa sauti ili wasikie. "Namba kumi na nne. Kiti kimoja. Kimechukuliwa na bahari. Hakikupatikana." Akatia saini, akapuliza wino. "Mnabeba nini sasa? Kitu ambacho hakipo?"

Walinzi wakatazamana. Amri ilikuwa kubeba vilivyopo. Wakamweka chini, taratibu, wakakimbilia lori ambalo lilikuwa limeshaanza kuondoka.

Bwana Mbarouk akabaki. Aliangalia magari kumi na saba yakipanda kilima kwa ving'ora, akaangalia jalada, akalivua mkononi kama mtu anayevua kofia, akaliacha lielee. "Kwetu ni upande gani kutoka hapa?" akauliza, si kwa yeyote.

"Kwanza ule," akasema Bi Saumu. "Utakwendaje kwa mamako na njaa?" Wakaenda kufunua pilau.

Maji yakapanda. Vifundo vya miguu. Muundi. Bi Ruzuna alisimama nyuma ya kiti ameushika mgongo wake, tayari kuvuta, na macho yalikuwa yanakwenda huku na huku: jua, maji, njia, jua.

"Baridi?"

"Vuguvugu. Mguu wa kushoto sijui, haujaniambia."

"Nikusogeze nyuma?"

"Thubutu."

Likaja wimbi moja pana, likafika kwenye goti, likatulia hapo, likampakata. Bi Shemsa akafumba macho. Aliutumbukiza mkono wake mzima majini akaushika ule mguu uliokufa, akauosha polepole, kama anayemwosha mtoto wa mtu mwingine.

Kutoka upande wa mji, juu ya mapaa, sauti zikaanza: mtu mmoja, kisha wengi, kisha mizinga ya ngome. Mwezi. Kule kwenye mikeka akina mama wakageuka kuutazama, wakaanza kukusanya sahani.

"Umeonekana, dada," Bi Ruzuna akasema. "Kuna daku ya kutayarisha. Na lori ndiyo hilo limeondoka, itabidi nitafute gari, na wewe una dawa ya saa moja, na hizo kanga zimelowa..."

"Ruzuna."

"Labeka."

"Mimi nimeandikwa nimepotea. Aliyepotea ana haraka gani? Kaa."

"Nikae wapi? Ni maji matupu."

"Ndipo hapo hapo."

Bi Ruzuna akatazama njia, akatazama mwezi, akatazama kibandiko kwenye kifua cha dada yake, kimelowa, namba inavuja. Akazunguka mbele ya kiti. Akakusanya kanga, kisha akaiachia, akajishusha mpaka chini, maji yakamfika kifuani, akaegemeza kichwa kwenye goti la Bi Shemsa. Mikono yake ikatafuta kitu cha kufuta, ikakosa, ikaelea.

Basi na tuwaache papo hapo, majini. Atakayetaka kuwatoa na aje na fomu.